Jinsi ya kuongeza nguvu ya maji ya bustani yashukayo kutoka tangini

MWIKI, eneo lililo mpakani mwa Ruiru katika Kaunti ya Kiambu na Kasarani jijini Nairobi, ni mahali ambapo huwezi kutembea hatua nyingi bila kuona tangi la plastiki juu ya mnara wa vyuma, mbao au mawe.

Tangi hilo hujazwa maji ya mfereji siku za mgao, maji ya kisima, au yale yanayoletwa na lori kwa bei isiyo nafuu. Baada ya mahitaji ya nyumbani, yanayosalia huelekezwa kwenye bustani ya mboga iliyo nyuma ya nyumba.

Hapo ndipo malalamiko huanza. Katika kiangazi cha Januari na Februari, sukuma wiki zilizo karibu na tangi hunawiri huku zile za mwisho wa bustani zikinyauka, kwa kuwa maji yanayofika huko ni ya kudondoka tu. Mwenye bustani hushauriwa anunue tangi kubwa zaidi, aongeze urefu wa mnara, au atafute pampu. Aghalabu hatua hizo humgharimu fedha bila kumfaa, na moja yazo yaweza kuhatarisha maisha.

Jambo la kwanza kufahamu ni kwamba nguvu ya maji yashukayo yenyewe, au presha kama wengi waitavyo, hutokana na kimo cha maji hayo wala si wingi wake. Tangi la lita 5,000 na pipa la lita 200 yakiwekwa mahali pamoja, na maji yakiwa kimo kimoja, presha kwenye bomba la chini ni ile ile. Tofauti ni kwamba pipa litaisha mapema.

Kila mita moja ya kimo huleta sehemu moja ya kumi ya kipimo kiitwacho baa. Kwa hivyo tangi lililo kwenye mnara wa mita tatu huipa bustani takriban sehemu tatu za kumi za baa, pamoja na nyongeza ndogo ya kina cha maji yaliyomo. Hicho ni kiasi kidogo, lakini chatosha kwa kazi nyingi za bustani iwapo hakitapotea njiani.

Jiji la Nairobi lenyewe linaitegemea kanuni hii. Bwawa la Ndakaini katika Kaunti ya Murang'a, lililokamilika mwaka wa 1994, liko zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na maji yake hushuka hadi kwenye mitambo ya kusafishia ya Ngethu, kisha Gigiri, kwa nguvu ya mteremko. Mkulima wa milimani huko Gatanga au Gatundu naye aweza kutega maji juu ya shamba na kuyaacha yateremke. Mkazi wa Mwiki hana bahati hiyo, kwa maana ardhi yake kwa sehemu kubwa ni tambarare. Mlima wake ni ule mnara, na kila sentimita yake ina thamani.

Sasa, presha hiyo hupotelea wapi? Jibu ni kwenye mabomba. Maji yapitapo hujisugua na kuta za bomba, na kadiri bomba linavyokuwa jembamba au refu ndivyo upotevu unavyozidi.

Chukua mfano wa bustani iliyo mita 30 kutoka tangini na inayohitaji lita 10 kwa dakika. Bomba lenye tundu la milimita 15, ambalo kwa kawaida huitwa la nusu inchi, litameza zaidi ya mita mbili na nusu za kimo. Yaani karibu mnara wote wa mita tatu umeliwa na bomba! Likitumika bomba lenye tundu la milimita 25, la inchi moja, upotevu hushuka hadi sentimita 20 na kitu tu. Kubadilisha bomba hilo ni sawa na kuinua tangi kwa zaidi ya mita mbili, bila kununua hata chuma kimoja cha mnara.

Wapo wanaoamini kwamba bomba jembamba huyapa maji nguvu zaidi, wakitoa mfano wa kuziba mdomo wa mpira kwa kidole gumba. Ni kweli maji huruka mbali, lakini kinachotokea ni kwamba kidole kimepunguza kiasi kinachopita, msuguano ukapungua njiani, na presha ikabaki hadi mdomoni. Maji yanayofika kwenye mmea kwa dakika moja ni machache kuliko awali.

Kabla ya kununua chochote, pima. Weka mtungi wa lita 20 chini ya koki iliyo karibu na tangi na uhesabu dakika unazochukua kujaa. Fanya vivyo hivyo mwisho wa bustani. Ikiwa hata karibu na tangi mtungi unajaa polepole, huenda tundu la kutokea tangini ni dogo, koki ni ya aina isiyofunguka kikamilifu, au chujio limeziba. Ikiwa karibu na tangi ni haraka na mwisho ni polepole mno, kosa liko kwenye bomba refu.

Kagua pia kona na viunganishi, maana kila kimoja hutoza ushuru wake. Bomba lililopanda na kushuka kama mgongo wa ngamia hunasa hewa kwenye sehemu iliyoinuka, na hewa hiyo huweza kupunguza mkondo au kuusimamisha kabisa. Lilaze literemke kwa mfululizo. Mfuniko wa tangi nao uwe na upenyo mdogo wa kuingiza hewa, uliofunikwa kwa wavu ili mbu wasizaliane humo.

Njia isiyo na gharama yoyote ni kugawa bustani katika sehemu mbili au tatu, kila moja na koki yake, na kumwagilia moja baada ya nyingine. Kiasi cha maji kinachopita bombani kikipungua kwa nusu, presha inayopotea hushuka hadi karibu robo ya ile ya awali. Mwagilia alfajiri au jioni, wakati ambapo jua si kali na hakuna anayeoga au kufua kwa maji ya tangi hilo hilo.

Kifaa cha mwisho wa bomba pia ni muhimu. Vinyunyizio vinavyozunguka huhitaji kimo cha mita 10 au zaidi, na kuvifunga kwenye mnara wa mita tatu ni kutupa fedha. Vifaa vya matone vilivyotengenezwa kwa presha ndogo ndivyo vinavyofaa. Taasisi ya Utafiti wa Kilimo nchini, KARI, ambayo baadaye kazi zake zilichukuliwa na KALRO, ilianza kueneza vifaa vya aina hiyo katika miaka ya tisini, maji yakitoka kwenye ndoo ya lita 20 iliyoinuliwa mita moja tu. Dukani, uliza presha ya chini kabisa ambayo kifaa kinaweza kufanyia kazi.

Iwapo baada ya hayo yote ni lazima kuinua tangi, tahadhari. Lita 1,000 za maji zina uzito wa tani moja, na tangi la lita 5,000 ni tani tano zilizoning'inia juu ya nyumba, watoto na wapita njia. Sehemu nyingi za Mwiki zina udongo mweusi wa mfinyanzi, ambao huvimba wakati wa masika na kupasuka nyufa wakati wa kiangazi. Msingi usiochimbwa kupita udongo huo huinama, na mnara nao huinama. Kazi hii ni ya mhandisi, si ya kibarua aliyepatikana asubuhi hiyo.

Kwa kuwa presha haitegemei wingi, yawezekana kuliacha tangi kubwa chini na kuinua pipa dogo la bustani pekee. Pipa hilo laweza kujazwa usiku, saa ambazo mifereji ya mtaa huwa na nguvu, au kwa pampu ndogo inayovuta maji kutoka kwenye tangi la chini. Kufunga pampu moja kwa moja kwenye bomba la mtaa si uungwana hata kidogo, kwani huwanyima majirani maji na huweza kufyonza uchafu kupitia mahali palipopasuka.

Safisha chujio kila juma, hasa maji yakiwa ya kisima au ya lori. Mara moja kwa mwezi fungua ncha za mabomba ya matone, uache maji yatiririke hadi yawe safi, kisha uzifunge tena.