Kabla Uwazie Venice, Pitia Mombasa: Mwongozo wa Kisiwa na Mji wa Kale kwa Msee wa Mara ya Kwanza

Kama simu yako ni kama za wengi hapa mtaani, TikTok imeshakuonyesha Venice mpaka umezoea: maji mahali pa barabara, vijia vyembamba, mtu amepiga luku kwa daraja akijifanya maisha hayamsumbui. Poa sana. Lakini kuomba viza ya Schengen pekee ni Euro 90 tangu Juni 2024, na ukinyimwa hizo ganji hazirudi. Madaraka Express kutoka Nairobi hadi Mombasa, behewa la kawaida, ni shilingi 1,500 tangu Januari 2024. Fanya hesabu mwenyewe.

Na si eti Mombasa ni ya kujiliwaza ukikosa Ulaya. Nairobi ilianza 1899 kama kituo cha reli. Ibn Battuta, yule msafiri wa Morocco, alipita Mombasa 1331 na akaandika kuhusu watu wake, misikiti yao ya mbao, ndizi na samaki. Hiyo ni tofauti ya zaidi ya miaka 500. Shida ni kuwa wengi wetu tukienda Coast tunapita kisiwani mbio tukielekea Nyali ama Diani, halafu tunarudi tukisema tumeona Mombasa. Bado hujaiona. Hii hapa ndiyo rada.

Kwanza shika ramani

Mombasa mjini ni kisiwa, takriban kilomita 14 za mraba. Upande mmoja kuna mkono wa bahari wa Tudor, upande mwingine Kilindini, kwenye bandari kubwa. Kuingia na kutoka kuna njia tatu za kukariri. Magharibi ni Makupa, ambapo daraja jipya lilifunguliwa 2022. Hapo ndipo unapitia ukitoka uwanja wa ndege, SGR ama barabara ya Nairobi. Kaskazini ni Daraja la Nyali la 1980. Kusini hakuna daraja la kukupeleka Likoni na gari, kuna feri.

Mji wa Kale uko upande wa mashariki wa kisiwa, ukitazama maji ya Tudor. Wenyeji wa zamani waliuita mji wao Mvita, na ndiyo maana lahaja yao ni Kimvita. Ukiona barabara imeandikwa Ndia Kuu usidhani mchoraji wa kibao alikosea. Kwa Kimvita njia ni "ndia", na macho ni "mato". Huo ni ushairi wa kina Muyaka bin Haji, bingwa wa Mombasa wa karne ya 19, si makosa ya kuandika.

Kufika bila kuchomwa

SGR haikushushi mjini. Inakuacha Miritini, bara, na lazima upande usafiri mwingine hadi kisiwani. Weka hiyo nauli kwa bajeti mapema. Mabasi mengi ya usiku yanakushusha karibu na Mwembe Tayari, ambapo ni kisiwani tayari. Ukifika alfajiri na begi mgongoni, kaa penye watu na mataa mpaka kupambazuke.

Ndani ya kisiwa, tuktuk ndiyo mfalme. Sheria ni moja: elewaneni bei kabla ya kukaa, si baada ya kufika. Watu wa huko wanamjua mtu wa bara kwa salamu ya kwanza, na bei inaweza kupanda hapo hapo. Usigombane. Cheka, taja bei yako, ukikataliwa tembea hatua kumi. Mara nyingi utaitwa.

Mjini ni padogo. Kutoka Fort Jesus hadi Marikiti unatembea kwa miguu bila kutoa ulimi nje.

Siku moja, mpango wa miguu

*Asubuhi: Fort Jesus.* Inafunguliwa saa mbili asubuhi hadi saa kumi na mbili jioni. Ingia mapema kabla jua halijaanza fujo. Beba kitambulisho, kwa sababu Mkenya analipa chini ya mgeni wa nje.

Wareno waliijenga kati ya 1593 na 1596, kwa mchoro wa Muitaliano Giovanni Battista Cairati. Ukiitazama kutoka juu, umbo lake linafanana na mtu amelala. Lakini usiishie kupiga selfi kwa mizinga. Hapa watu walikufa. Mwaka 1631 Sultani Yusuf bin Hasan, aliyelelewa na Wareno wenyewe, aliwageuka akaichukua ngome. Halafu kutoka Machi 1696 hadi Desemba 1698 Waomani waliizingira, karibu miaka mitatu, na waliokuwa ndani wengi wao walimalizwa na njaa na magonjwa kuliko risasi. Meli ya Kireno iliyokuja kuokoa, Santo António de Tanná, ilizama hapo mbele 1697. Baadhi ya vitu vilivyotolewa chini ya maji miaka ya 1970 viko ndani ya makumbusho.

Waingereza nao waliigeuza jela kutoka 1895 hadi 1958. Makumbusho yalifunguliwa 1960, na 2011 UNESCO ikaiweka kwa orodha ya urithi wa dunia. Ukichukua mtu wa kukuzungusha, muulize kitambulisho chake cha kazi na mkubaliane bei kwanza.

*Kabla ya adhuhuri: Mji wa Kale wenyewe.* Toka ngomeni, ingia Ndia Kuu na uache Google Maps ipumzike. Utapotea kidogo, na ni sawa. Ukishuka mteremko utapata maji, ukipanda utapata Barabara ya Digo.

Angalia jinsi nyumba zimejengwa. Kuta ni mawe ya matumbawe na chokaa, nene, ndiyo ndani kukae baridi. Dari za zamani zimebebwa na boriti za mikoko, na kwa sababu boriti ina urefu wake, vyumba vya kale ni vyembamba na virefu. Vijia vimebana makusudi: nyumba moja inaitilia nyingine kivuli. Roshani za mbao zilizochongwa na milango yenye nakshi zina mkono wa Mswahili, Mwarabu na Mhindi, na nyingi unazoziona leo ni za karne ya 19 kuja mbele. Kile kibao cha mawe nje ya mlango ni baraza. Hapo ndipo habari za mtaa zinapikwa, kahawa inanywewa na mgeni anapokelewa bila kuingia faragha ya watu.

Fuata njia ya Mbarak Ali Hinawy utafika Msikiti wa Mandhry, mweupe, wenye mnara wa mviringo unaochongoka kwenda juu. Unasemekana kujengwa mwaka 1570, na ni kati ya mikongwe zaidi mjini. Ni msikiti unaotumika, si maonyesho. Kama si Muislamu, utazame kutoka nje, ama uombe ruhusa. Mbele kidogo uko Bandari ya Zamani, ambako majahazi ya Ghuba na India yalikuwa yakija na upepo wa kaskazi na kurudi na kusi.

*Mchana: Marikiti na Biashara Street.* Marikiti ni soko la 1914 kwenye Barabara ya Digo. Nunua iliki, mdalasini, bizari ya pilau, upeleke kwa mama. Atakuombea dua ya mwaka mzima. Hatua chache ni Biashara Street, nyumbani kwa leso. Soma jina kabla ya kulipa. Leso inaongea, na ukimpelekea mamako mkwe yenye kijembe, hiyo ngori si yetu.

*Jioni: Mama Ngina.* Panda tuktuk uende ukingo wa kusini wa kisiwa, pale wenyeji wanapaita Lighthouse. Palikarabatiwa 2019. Kaa kwa ukuta, jua likishuka utaona meli kubwa za kontena zikipita karibu ajabu kuingia Kilindini. Na ukipita Moi Avenue, zile pembe kubwa ni za 1952, zilipowekwa kumkaribisha Malkia Elizabeth kabla hajavikwa taji. Baadaye zikatengenezwa upya kwa alumini.

Dishi: usilete mambo ya chipsi

Asubuhi, mahamri na mbaazi za nazi. Mchana, pilau ama biriani. Jioni, viazi karai na ukwaju, mishikaki, bajia, na mihogo ya kukaanga yenye pilipili na ndimu pale Lighthouse. Kunywa dafu, halafu mwambie muuzaji akupasulie ule nyama yake. Usiku tafuta mwenye dele la kahawa chungu yenye tangawizi, ikae na halua ama kashata. Lipa cash ndogo ndogo. Wengi wanachukua M-Pesa, lakini usimpe mama wa mihogo noti ya elfu moja.

Feri: bure, lakini si mchezo

Ukienda kwa miguu, feri ya Likoni hulipi kitu. Ivuke hata kama huna shughuli ng'ambo. Ndiyo safari ya maji ya bei poa zaidi Kenya. Lakini heshimu maji. Tarehe 29 Aprili 1994, feri ya Mtongwe ilipinduka ikiwa imejaa kupita kiasi, na zaidi ya watu 250 wakafa. Kuna familia Mombasa ambazo bado zinahesabu miaka kutoka siku hiyo. Kwa hivyo usikimbilie mlango unaofungwa, usijipenyeze mbele ya magari, na simu iwe mfukoni: kuna wezi, na pia kupiga picha hapo askari hawapendi. Feri nyingine inakuja.

Adabu ndiyo pasipoti

Mtu wa Nairobi anaingia dukani na kusema "nipe maji". Hujatukana, lakini umeingia vibaya. Huku unaanza na salamu, kisha "naomba maji". Kwa mzee, "shikamoo" ama "salaam aleikum", na usimpite aliyekaa barazani kama nguzo ya stima. Ukisalimia, njia inafunguka: utaonyeshwa mkato, utaambiwa bei ya kweli, pengine utapewa na kikombe.

Mavazi: mabega na magoti yafunikwe ndani ya Mji wa Kale. Ya ufukweni yaache ufukweni. Picha: omba kwanza, na mama wa buibui akisema hapana, ni hapana, hata kama mlango nyuma yake ni moto. Usifungue mlango ama kuchungulia uani; hapo ni kwa watu. Ijumaa adhuhuri mitaa inatulia kwa swala. Wakati wa Ramadhani usile njiani mchana. Subiri jua litue, uone meza zinavyotoka na futari ikigawiwa.

Msimu? Januari hadi Machi ni joto la kuchemsha. Aprili na Mei ni masika. Julai na Agosti kuna baridi kidogo na upepo. Desemba ni raha, lakini bei ni noma.

Hapa ndipo unapoingia wewe

Turudi Venice kidogo. Mwaka 1951 mji wake wa kale ulikuwa na wakazi zaidi ya 170,000. Leo hawafiki 50,000. Nyumba nyingi zimekuwa vyumba vya wageni, kodi ikapanda, waliozaliwa pale wakahamia bara. Mwaka 2024 jiji likaanza kutoza wageni wa siku moja Euro 5 siku zenye msongamano. Mji umebaki mrembo, ila wanaouweka hai wanapungua.

Mji wa Kale wa Mombasa haujafika huko, lakini hauko salama pia. Urithi wa dunia ni ile ngome. Mitaa ya pembeni haimo kwenye orodha hiyo. Inalindwa na sheria za nchi kama eneo la hifadhi, chini ya Makumbusho ya Taifa na kaunti. Lakini sheria haipaki chokaa. Kutunza roshani ya mbao ya miaka mia kwa hewa ya chumvi ni gharama, na mwenye nyumba akishindwa, ghorofa la simiti liko tayari kuingia. Mlango ukiuzwa, haurudi.

Doo zako chache zina uzito hapo. Kula kwa mama wa Kibokoni badala ya kubeba soda ya supamaketi. Lala usiku mmoja kisiwani kabla ya kukimbilia ufuo. Mlipe mtembezaji aliyezaliwa kwenye hizo ndia. Nunua kutoka kwa fundi, si kopi ya kiwandani. Ukiposti, taja jina la mtaa na jina la msikiti, usiandike tu "Coast vibes". Mji unaokaliwa, unaosalimiwa na unaolipwa haki yake una sababu ya kubaki. Venice itakungoja, wao wana pesa za kukarabati. Mombasa inategemea nani anakuja, na anakuja vipi.