Miti Iliyopandwa Ili Ichomwe

Mwaka 1907 Reli ya Uganda ilikuwa na njaa ya kuni. Injini za mvuke zilizovuta mabehewa kutoka Mombasa hadi Kisumu ziliteketeza miti ya asili upesi kuliko ilivyoweza kuota tena, na wakuu wa misitu wakaanza kutafuta miti ya kigeni inayokua haraka na kuwaka vizuri. Ofisa mmoja, Edward Battiscombe, akatengewa mteremko magharibi mwa mji mchanga wa Nairobi ili azijaribu mbegu zake huko. Injini zile zimekwisha kuwa vyuma chakavu. Miti iko palepale, na jina la mahali hapo ni Arboretum.

Kwa anayetaka kutembea bila kujichosha, hapa ndipo pa kuanzia. Ukubwa wake ni takriban hekta 30, na ndani yake kuna zaidi ya aina 350 za miti ya Afrika, Australia, Asia na Amerika. Mikaratusi mirefu yenye gome linalobambuka husimama jirani na miti ya kienyeji ambayo wakulima wa Kiambu walikuwa wakiitambua kabla reli haijafikiriwa. Chini kabisa, kwenye kivuli kizito, unapita mto Kirichwa Kubwa. Siku za juma utakuta watu wanaokimbia kabla ya kwenda kazini. Jumapili ni mambo mengine: kwaya inafanya mazoezi, maharusi wanapigwa picha, na waumini wamejitenga, kila mmoja na mti wake, wakiomba kwa sauti ya juu huku wakipiga hatua mbele na nyuma. Kima nao wako macho. Ukiweka mfuko wa chapati kwenye nyasi na kugeuza shingo, umeuaga.

Serikali ya kikoloni iliitangaza Arboretum kuwa msitu wa hifadhi mwaka 1932, na jirani yake wa karibu ni Ikulu, iliyokuwa makao ya gavana. Ujirani huo haukuilinda sana. Kufikia miaka ya 1990 vichaka vilikuwa vimeziba njia na wezi wamejipatia maskani, ndipo mwaka 1993 wapenzi wa miti wakaunda chama cha Marafiki wa Arboretum. Kazi yao haikuwa na madoido: kufyeka, kupanda, na kubandika majina ya miti kwenye vibao.

Ili kuelewa kwa nini matembezi mazuri ya Nairobi yako upande wa machweo, tazama namna nchi ilivyolala. Mito ya mji huanzia kwenye nyanda za juu za Kikuyu na kushuka kuelekea mashariki, kila mmoja katika bonde lake. Kwa hiyo Kileleshwa, Lavington na Kilimani ni migongo ya ardhi nyekundu yenye mito katikati. Ukivuka katikati ya mji, nchi inakuwa tambarare, na udongo ni ule mweusi unaong'ang'ania viatu mvua ikinyesha. Wajenzi wa reli walipofika mwaka 1899 walichagua tambarare kwa sababu treni hupenda usawa. Wakubwa wao hawakukawia kuhamia mlimani. Maji yenyewe husafiri mbali zaidi ya wote: huingia mto Athi, ambao mbele huitwa Galana na kisha Sabaki, na kumwagika baharini kaskazini mwa Malindi.

Anayetoka mjini kwa miguu anaweza kuanzia mzunguko wa Globe na kuingia Bustani ya Michuki, inayofuata mto Nairobi hadi karibu na Museum Hill. Kwa miaka mingi mafundi wa magari walikuwa wamejaza ukingo huu, na oili chafu ilishuka moja kwa moja majini. John Michuki, waziri yuleyule aliyezifunga matatu mikanda na vidhibiti mwendo, alipopewa wizara ya mazingira mwaka 2008 aliugeukia mto kwa ukali uleule. Alifariki Februari 2012, na bustani ikaachwa ikachakaa hadi ilipofufuliwa mwaka 2020. Leo kuna vijia vya matofali na mianzi. Tusidanganyane, maji bado yananuka, hasa wakati wa kiangazi. Hata hivyo familia huja na watoto, maana bustani ya bure katikati ya jiji hili haipatikani kila kona.

Mteremko wa juu ya bonde hilo una deni la historia. Hoteli ya Norfolk ilifunguliwa hapo mwaka 1904, na hatua chache kutoka kwake kilikuwa kituo cha polisi ambamo Harry Thuku alifungiwa Machi 1922 kwa kupinga kodi, kazi za kulazimishwa na kipande, yaani cheti cha utambulisho. Maelfu ya watu walikusanyika kudai aachiliwe. Tarehe 16 Mary Muthoni Nyanjiru aliwakemea wanaume kwa kusitasita, umati ukasonga mbele, na askari wakafyatua risasi. Serikali ilikiri vifo 21. Walioshuhudia walitaja idadi kubwa zaidi, na inasemwa kuwa walowezi waliokuwa barazani Norfolk walisaidia kupiga risasi. Barabara inayopita mbele ya hoteli sasa inaitwa Harry Thuku.

Kipande hicho ndicho kilichoamua nani atembee wapi. Mwanamume Mwafrika alikivaa shingoni katika kikasha cha bati, na askari aliweza kumsimamisha wakati wowote akione. Vitongoji vya magharibi vilikuwa vya Wazungu. Waafrika walitengewa Pumwani, upande wa pili wa mji. Mpishi au mtunza bustani aliyevuka Kirichwa alfajiri hakuwa akipunga hewa. Mtu anayetembea leo Kileleshwa akiwa na chupa ya maji mkononi anapita alipopita babu yake akiwahi kengele ya tajiri.

Ukivuka Museum Hill, penye Makavazi ya Kitaifa yaliyofunguliwa mwaka 1930 kwa jina la gavana Coryndon, unafika Chiromo. Mwenye nyumba ya kwanza hapa alikuwa Ewart Grogan, Mwingereza aliyepata sifa kwa kusafiri kutoka Cape hadi Cairo kati ya 1898 na 1900, sehemu kubwa kwa miguu, ili kumridhisha baba wa kambo wa mchumba wake. Huyohuyo, mwaka uleule Battiscombe alipoanza kupanda miti yake, aliwachapa viboko Waafrika watatu mbele ya mahakama ya Nairobi, mchana kweupe na watu wakitazama. Alifungwa kwa muda mfupi tu. Chiromo sasa ni bewa la Chuo Kikuu cha Nairobi, na katika idara ya anatomia ya mifugo alifundisha Wangari Maathai, aliyepata shahada ya uzamifu mwaka 1971, mwanamke wa kwanza Afrika Mashariki na Kati kufanya hivyo. Katika historia ya ukingo huu, yeye ndiye aliyemjibu Grogan, ingawa hawakukutana.

Jibu lenyewe lilitolewa kaskazini kidogo, Karura. Miaka ya 1990 vipande vya msitu huo wa zaidi ya hekta 1,000 viligawiwa kimyakimya kwa wajenzi wa majumba. Tarehe 8 Januari 1999 Maathai na wenzake walikwenda kupanda miche wakavamiwa na genge la vijana wenye silaha; yeye alipasuliwa kichwa. Ghadhabu iliyofuata iliwarudisha nyuma wajenzi. Njia za Karura ambazo sasa zinajaa baiskeli kila Jumamosi, maporomoko ya maji na mapango waliyojificha wapiganaji wa Mau Mau, zilinunuliwa kwa bei hiyo.

Kwingine bei haikulipwa. Msitu wa Ngong Road ulipotangazwa hifadhi mwaka 1932 ulikuwa na hekta zaidi ya 2,900. Zilizobaki ni kama 1,200, zimekatwakatwa na barabara, na ile ya Southern Bypass imepita katikati. Bado ni matembezi mazuri, mradi uende na kundi au askari wa msitu. Mbele zaidi, Karen, njia ya Oloolua inafuata mto Mbagathi kupitia mianzi na mafunjo hadi kwenye maporomoko madogo na pango. Kwa aliye na watoto wadogo au mama mzee, mwandishi angechagua Oloolua kabla ya Karura: mteremko wake ni mpole na kelele ya magari haifiki.

Shida kubwa ya kufuata mto Nairobi kutoka Chiromo kwenda juu ni kuta. Riverside imepewa jina la mto, lakini mto wenyewe uko nyuma ya mageti. Sheria inatoa ukingo wa kati ya mita 6 na 30 ambao haupaswi kujengwa, na tofauti hiyo imewalisha mawakili wengi. Agosti 2018 matingatinga yaliangusha jengo la Ukay Centre pale Westlands, na wapita njia wakasimama kupiga picha. Machi 2025 serikali ilizindua mradi mwingine wa kuifufua mito ya Nairobi. Wakazi wa zamani, waliokwisha kuona uzinduzi wa aina hiyo mara kadhaa, wanasubiri kuona kwanza majitaka yatakwenda wapi.

Juu zaidi, Lavington ilikuwa shamba la kahawa. Mapadre wa Kifaransa wa Shirika la Roho Mtakatifu walianzisha misheni ya St. Austin's mwaka 1899, mwaka uleule reli ilipofika, na miche waliyoikuza ilienea nchini hata aina hiyo ya kahawa ikaitwa French Mission. Kanisa lipo. Mibuni imegeuka kuwa vyumba vya kupanga.

Chanzo cha mto Nairobi ni Ondiri, kinamasi cha mjini Kikuyu ambacho juu yake kuna mkeka wa majani unaotikisika ukiukanyaga, na wenyeji watakuonya usijaribu. Pembeni kuna mashamba ya sukuma wiki na mboga za kuuza mjini, na mabomba yanayonyonya maji usiku na mchana. Kukizunguka kwa miguu ni asubuhi moja tu. Ukichoka, matatu namba 105 itakushusha mjini kupitia Waiyaki Way, barabara yenye jina la Waiyaki wa Hinga, kiongozi wa Wakikuyu wa Dagoretti. Waingereza walimkamata mwaka 1892 katika boma lao la Fort Smith, wakamwondoa kwao kumpeleka pwani. Hakufika, alifia Kibwezi.