Sarafu za Mtambwe na Swali la Mwanafunzi

Kila mwaka tunaposahihisha insha za historia ya Kiswahili, twakuta sentensi ileile imenakiliwa: kwamba Ali bin al-Hasan alitoka Shirazi akafika Kilwa katika karne ya 10. Nani kasema, na alijuaje, haielezwi. Sisi tusomao Kiswahili mbali na bahari tuna udhuru kidogo, maana pwani tunaijua kwa vitabu tu. Lakini hata kitabu huulizwa.

Habari hiyo inatoka katika tarihi ya Kilwa, nayo imetufikia kwa njia mbili. Mreno João de Barros aliichapisha kwa muhtasari mwaka 1552. Nakala ya Kiarabu alipewa John Kirk na Sultani Barghash huko Unguja katika miaka ya 1870. Hazisemi mamoja. Ya Kiarabu ina majahazi saba, ya baba na wanawe sita. Ya Barros ina mawili tu, yaliyotoka Hormuz, na Ali anayedharauliwa na ndugu zake kwa kuwa mama yake ni mtumwa wa Kihabeshi. Mwanafunzi anayeziweka mbili hizi juu ya meza moja amekwisha kuanza utafiti, na hajatoka maktabani.

Neville Chittick aliyechimba Kilwa hasa katika miaka ya 1960 alipata sarafu nyingi za shaba zenye jina la Ali bin al-Hasan. Kwa kuzingatia tabaka za udongo alimozikuta, akahukumu kwamba mtawala huyo aliishi yapata mwaka 1200. Hoja ilikuwa na nguvu, ikaingia vitabuni. Kisha, mwaka 1984, huko Mtambwe Mkuu kisiwani Pemba, ikafukuliwa hazina ya sarafu za fedha zaidi ya 2,000. Zilikuwemo za Ali bin al-Hasan, na pamoja nazo dinari chache za dhahabu zenye tarehe, ambazo hakuna inayopita mwaka 1066. Wataalamu wengi wakamrudisha Ali katika karne ya 11. Chittick hakuwa mzembe, la hasha. Alisoma vizuri ushahidi aliokuwa nao.

Wakati huohuo Mark Horton alikuwa akichimba Shanga, kisiwani Pate. Chini ya msikiti wa mawe alikuta misikiti midogo ya miti, ya zamani zaidi, hadi karne ya 8. Waliodai kwamba miji ya Waswahili ililetwa na wageni ikiwa imekamilika wakakosa pa kusimama.

Mambo hayakuishia hapo. Mwaka 2023 ulichapishwa uchunguzi wa vinasaba vya watu 80 waliozikwa kati ya miaka 1250 na 1800, wengi wao katika miji ya pwani. Ukaonyesha kuwa wengi wa watu hao wa pwani walikuwa na wazazi wa kale wa pande mbili, hasa wanawake wa Kiafrika na wanaume wa Kiajemi, na kwamba kuchanganyika kulianza yapata mwaka 1000. Baadhi ya wanafunzi wetu walishangilia: kumbe tarihi ilisema kweli! Tukawarudisha kwenye makaburi yenyewe. Mengi ni ya watu wenye hadhi, waliozikwa karibu na misikiti. Je, mvuvi na mkulima walizikwa wapi, na nani amewapima? Insha za muhula huu zinaanzia hapo.