Mkusanyiko au Mlimbiko?

Arobaini ikishapita, sanduku la marehemu hufunguliwa. Iwe Tandika, Mbagala au Tandale, yaliyomo hufanana: ofa ya kiwanja, leseni ya makazi, kadi ya chama, barua kutoka kijijini, stakabadhi za karo, daftari la michango ya msiba, picha zilizogandana. Ndugu huchukua kinachohusu nyumba, na kilichobaki huenda na taka. Hicho kinachotupwa kina jina katika taaluma ya utunzaji wa nyaraka, na Kiswahili bado hakijatulia juu ya namna ya kukiita.

Wafaransa husema fonds, wakalitamka “fon”. Ni nyaraka zote zilizozaliwa na maisha au kazi ya mtu mmoja, familia moja au ofisi moja, zikatunzwa pamoja bila kuchanganywa na za wengine. Kanuni hiyo ilitangazwa Ufaransa mwaka 1841, katika waraka ulioandaliwa na Natalis de Wailly, kwa sababu nyaraka zilikuwa zikitawanywa kwa kufuata mada. Barua ya deni ikitengwa na daftari lililokuwa chini yake, yanabaki maneno yake tu. Sababu ya kuandikwa kwake imepotea.

Istilahi tulizonazo hazijafika hapo. Tanzania Bara, idara ya taifa inayohusika hubeba majina mawili: kumbukumbu, yaani karatasi ambazo kazi bado inazihitaji, na nyaraka, yaani zile zilizochaguliwa zidumu. Kenya wana makavazi. Maneno haya yanataja karatasi na nyumba yake, lakini hayataji undugu wa karatasi zilizotoka sanduku moja.

Wengi hukimbilia “mkusanyiko”. Ni neno zuri, ila linadai mkusanyaji. Mfano wake halisi uko Maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, pale Mlimani. Katika miaka ya 1960, J.W.T. Allen alipita pwani akitafuta miswada ya Kiswahili, mingi ikiwa kwa hati za Kiarabu, ambayo familia ziliitunza majumbani. Orodha yake ilichapishwa Leiden mwaka 1970. Huo ni mkusanyiko kweli: nyumba nyingi, mkono mmoja uliochagua.

Maktaba hiyohiyo ina karatasi za Hans Cory, Mwaustria aliyeitumikia serikali ya kikoloni ya Tanganyika kama mtaalamu wa masuala ya jamii, akaandika sana juu ya sheria za kimila hadi kufariki mwaka 1962. Hizi zililundikana kadiri alivyofanya kazi. Kuziita kwa jina lilelile la miswada ya Allen ni kuficha tofauti ambayo mtafiti anaihitaji kabla hajafungua jalada la kwanza.

Napendekeza mlimbiko. Aliyewahi kuamka alfajiri kupanga foleni kisimani anajua kulimbika: unangoja maji yachuruzike kidogo kidogo mpaka yatoshe kuchotwa. Hakuna aliyeyachagua, yametuama pamoja kwa kuwa chemchemi yao ni moja. Basi tuseme mlimbiko wa mtu, mlimbiko wa familia, mlimbiko wa ofisi.

Thamani yake inaonekana kwa familia ya Sykes. Kleist Sykes, mmoja wa waasisi wa African Association mwaka 1929, alifariki mwaka 1949. Mjukuu wake Daisy aliandika maisha yake, na maandishi hayo yakatoka mwaka 1973 katika kitabu kilichohaririwa na John Iliffe. Mohamed Said naye alitumia nyaraka za familia hiyo kuandika kitabu kuhusu Abdulwahid Sykes, mwana wa Kleist, kilichotoka mwaka 1998. Sehemu kubwa ya historia ya siasa za Dar es Salaam imetufikia kwa sababu kuna nyumba ambayo haikutupa karatasi zake.

Kwa hiyo, siku ya kufungua sanduku, tusianze kugawana. Tupige picha yaliyomo jinsi yalivyolala. Bahasha ibaki na barua yake, na kilichofungwa kamba pamoja kibaki pamoja. Hati ya nyumba ikilazimika kutoka, nakala yake irudi palepale ilipokuwa. Hapo ndipo familia inaweza kuzungumza na maktaba, ikiwa na mlimbiko mzima mkononi.