Kikula: kutoka foni hadi mtandao wa nyumbani usio na waya

Katika mtaa wa Kikula, mjini Likasi, mtu akileta kompyuta ya kubeba nyumbani, kazi ya kwanza si kuandika. Ni kutafuta mtandao. Anafungua mashine, anabonyeza alama ya mawimbi pembeni mwa kioo, na majina yanajipanga: la jirani, la duka la dawa, la kijana anayegawa mega za simu yake. Anachagua jina la nyumbani, anaandika neno la siri, na baada ya sekunde chache uso wa binamu aliyeko Mwene-Ditu unatokea. Watoto wanaona ni jambo la kila siku. Wazazi waliokuwa hapa mwaka 1992 hawalioni hivyo.

Likasi ni mji wa shaba, na waya hutengenezwa kwa shaba. Kiwanda cha Shituru kilianza kuisafisha kwa umeme mwaka 1929, wakati mji ulikuwa bado unaitwa Jadotville, jina uliloendelea kubeba hadi 1966. Mabamba mekundu yalipakiwa kwenye treni, yakaenda ng'ambo, na huko yakageuka nyaya za simu za miji mingine. Hapa kwetu simu ya waya ilikuwa mali ya ofisi, ya viwanda na ya nyumba za wakubwa. Kikula, mtaa uliojengwa kwa ajili ya Waafrika, watu wengi walizaliwa, wakaoa na kuzeeka bila kuwahi kuwa na simu ya waya sebuleni. Shaba ilipita mbele ya milango yao ikienda zake.

Mawasiliano bila waya, kwa upande mwingine, si mgeni Katanga. Kati ya 1911 na 1913 Wabelgiji walijenga mlolongo wa vituo vya telegrafu bila waya kutoka pwani ya magharibi hadi Élisabethville, ndiyo Lubumbashi ya leo, kwa kuwa kupitisha nguzo katika misitu na mito ya nchi hii ilikuwa taabu kubwa. Na mnamo Septemba 1961, askari wa Ireland wapatao 150 waliotumwa na Umoja wa Mataifa walipozingirwa mjini kwa siku tano na vikosi vya Katanga, redio ndiyo iliyobaki kuwaunganisha na wenzao wa Élisabethville. Lakini redio hizo zilikuwa za serikali na za majeshi. Mwananchi alisubiri barua.

Kisha foni. Wasikilizaji wenye umri wanaikumbuka: redio ya mawimbi mafupi, betri ya gari chini ya meza, na waya mrefu wa antena ulioning'inizwa juu ya paa kati ya miti miwili. Foni zilikuwa kwenye misheni, kwenye makampuni na kwa wafanyabiashara. Mtu alifika saa iliyopangwa, mara nyingi asubuhi kabla jua halijawa kali, akalipa, akakaa kwenye benchi. Mwenye foni aliita jina la kituo cha upande wa pili, akaita tena, akangoja. Kikiitika, mnaongea kwa zamu. Ukimaliza unasema neno la kumpisha mwenzako, unaachia kitufe, unasikiliza. Hata pesa zilitumwa hivyo: unatoa franka au zaire zako hapa, ndugu anapokea kule kwa neno la mwenye foni tu.

Foni haikuwa na siri. Benchi zima lilisikia kwamba mjomba amefariki, kwamba mahari haijakamilika, kwamba mtoto ameshindwa mtihani. Na si benchi tu: kila aliyekuwa na redio kwenye masafa yale, kutoka Kamina hadi Kananga, alisikia pia.

Mwezi wa Agosti 1992 Mkutano Mkuu wa Kitaifa mjini Kinshasa ulimchagua Étienne Tshisekedi kuwa waziri mkuu mahali pa Nguz a Karl-i-Bond, mwana wa Katanga. Hapa Likasi, maneno ya chuki yaliyokuwa yakichochewa na wanasiasa yaligeuka moto. Familia zenye asili ya Kasai, nyingi zikiwa zimekaa hapa vizazi viwili au vitatu, baba akiwa mfanyakazi wa Gécamines au wa reli, zilifukuzwa nyumbani. Zilijaa shuleni na kwenye stesheni ya treni, zikangoja mabehewa kwa majuma, nyingine kwa miezi, mvua ikinyesha juu yao. Watoto na wazee walikufa palepale kwenye stesheni, wengine njiani. Mwaka 1993 ikafuata zamu ya Kolwezi.

Katika siku zile hakukuwa na namba ya kupiga. Kampuni ya Telecel ilikuwa imeanza kuuza simu za mkononi Kinshasa mwishoni mwa miaka ya 1980, lakini kifaa kimoja kiligharimu maelfu ya dola. Nyumba zenye ndoa za mchanganyiko ziligawanyika: mama kapanda treni na watoto wadogo, baba kabaki. Kujua kama wamefika Mwene-Ditu, njia ilikuwa foni au msafiri. Na hapo foni isiyo na siri ikawa na sura mbili. Mtu aliogopa kutaja jina lake la ukoo hewani, kwa sababu jina lilitosha kumtambulisha. Lakini kwa sababu kila mtu alisikia, habari iliyokusudiwa familia moja iliweza kudakwa na nyingine iliyokuwa ikimtafuta mtu yuleyule.

Simu za mkononi za bei nafuu zilifika baada ya 2000, Celtel kwanza, kisha Vodacom mwaka 2002. Zikaja kabini za chini ya mwavuli, uniti za kukwangua, na watu waliopotezana miaka kumi wakaanza kupatana kwa namba iliyoandikwa kwenye kipande cha karatasi. Hiyo ni habari ndefu ya peke yake.

Mtandao usio na waya wa nyumbani ulikuwa unakuja kwa njia nyingine kabisa. Mwaka 1971 Chuo Kikuu cha Hawaii, kwa kazi iliyoongozwa na Norman Abramson, kiliunganisha kompyuta za visiwa mbalimbali kwa redio, kwa kuwa bahari ilizuia waya kama misitu ilivyozuia hapa. Mashine zote zilitumia wimbi moja; mbili zikisema kwa pamoja, ujumbe unaharibika, kila moja inangoja kidogo na kurudia. Mtu wa foni angeelewa mara moja. Mwaka 1997 wataalamu wa dunia walikubaliana juu ya kanuni ya kwanza ya mitandao hii midogo, kwa kasi ya megabiti 2 kwa sekunde. Mwaka 1999 likapatikana jina Wi-Fi, na mwaka huohuo kampuni ya Apple ikatoa iBook, kompyuta ya kubeba iliyoweza kuunganishwa bila waya. Likasi ilikuwa vitani wakati huo, kama nchi nzima.

Jinsi inavyofanya kazi inafaa kuelezwa, kwa sababu wengi mtaani wanalipa vijana ili wawaunganishie kitu wanachoweza kufanya wenyewe. Kisanduku cha mtandao, kile wengine wanachoita modemu, kinatangaza jina lake hewani mara kumi hivi kila sekunde, kuwe na anayesikia au kusiwe. Kompyuta inasikia tangazo hilo; ndiyo maana jina linatokea kwenye orodha. Ukiandika neno la siri, neno lenyewe halirushwi hewani. Pande mbili zinathibitishiana kwamba zote zinalijua, kisha zinatengeneza ufunguo wa kufunga maneno yote yatakayofuata. Kufuli la kwanza la mwaka 1997 lilionyeshwa kuwa dhaifu kufikia 2001. Linaloitwa WPA2 lilikuja 2004 na bado ndilo lililomo katika nyumba nyingi. Mwisho kisanduku kinaipa kompyuta namba ya ndani, kama nyumba inavyopewa namba kwenye barabara. Herufi kubwa na ndogo katika neno la siri si kitu kimoja, na hapo ndipo wengi wanapokwama. Bati nalo ni adui: ukuta wa matofali unapunguza mawimbi, mlango wa chuma unayazuia.

Tena kuunganishwa na kisanduku si kuunganishwa na dunia. Mnamo Desemba 31, 2018, baada ya uchaguzi, serikali ilikata intaneti nchi nzima, na ikairudisha baada ya takriban siku 20. Ilikuwa imefanya hivyo Januari 2015 na mwishoni mwa 2017 pia. Kompyuta zilionyesha alama ya mawimbi, jina la nyumbani likiwa mahali pake, na hakuna kilichopita. Familia zenye watu Kasai zilirudi kwenye sauti ya simu, uniti kwa uniti.

Umeme ni shida ya kila juma. Kituo cha Mwadingusha, kwenye mto Lufira, si mbali na Likasi, na kinatoa umeme tangu 1930; hata hivyo Kikula inalala gizani mara nyingi huku migodi ikiwaka. Betri ya kompyuta inaendelea saa kadhaa, na ndani yake mara nyingi mna kobalti, madini ambayo zaidi ya nusu ya yanayochimbwa duniani hutoka Kongo, sehemu yake hapahapa kwetu. Kisanduku hakina betri. Kinazimika palepale, na mazungumzo yanakatikia katikati ya neno. Ndiyo maana wengi wanatumia simu kuwa kisanduku, japo mega zinaisha haraka. Setilaiti za Starlink, zilizopigwa marufuku nchini Machi 2024, zilipata kibali Mei 2025, lakini bei ya kifaa chake si ya mfuko wa Kikula.

Kazi inayofanyika juu ya mitandao hii si mchezo wa vijana tu, ingawa wazee hulalamika hivyo. Aliyefukuzwa 1992 akiwa mwanafunzi aliacha vyeti shuleni. Aliyekuwa kazini aliacha faili ya utumishi. Mwenye kiwanja aliacha hati kwa jirani. Leo karatasi kama hizo zinaweza kupigwa picha Kikula, zikafika Mbuji-Mayi siku hiyohiyo, zikisomeka.

Kompyuta ikishaingia mara moja inaukumbuka mtandao ule, na neno la siri haliulizwi tena hadi libadilishwe. Ndugu wanaorudi kutoka Kasai kwa ajili ya msiba, baada ya mwaka au miwili, wanafika uani na mizigo yao. Wenyeji wakiwa bado wanatafuta viti, mashine ndani ya begi, ikiwa iliachwa bila kuzimwa, imeshajiunga yenyewe.