Kura ya Mwanamke: Safari ya Miaka 33 Nchini Misri



Ndugu msomaji, Ramadhan iliyopita, baada ya futari ya jumuiya yetu, mazungumzo yaliingia kwenye mambo ya uchaguzi. Kaka mmoja akasema, "Hii kura ya mwanamke ni kitu cha wazungu. Wanawake wao walipewa huko, kisha wakatuletea sisi." Wengine wakacheka. Mimi dada yenu nikanyamaza, si kwamba nilikubali, ila jibu sikuwa nalo. Nimekaa madrasa tangu utotoni, na chuo kikuu nasomea historia, lakini swali kama hilo likanishinda! Wallahi niliona haya. Basi mwaka mzima nimekuwa nikisoma, na nilichokipata nakileta mbele yenu. Nimechagua nchi moja tu, Misri, kwa sababu hakuna atakayesema Misri si nchi ya Waislamu na wanazuoni.

Tuanze mwaka 1919. Wakati huo Waingereza ndio waliokuwa wakiitawala Misri. Mwezi Machi walimkamata kiongozi wa wananchi, Saad Zaghlul, wakampeleka uhamishoni Malta. Nchi ikawaka moto. Tarehe 16 Machi kina mama wa Cairo wakatoka majumbani, wamevaa mabuibui yao na nyuso zimefunikwa, wakaandamana barabarani mbele ya askari wenye bunduki. Katika mapambano ya mwaka ule wapo wanawake waliouawa kwa risasi. Hakuna mwanamume aliyesimama akawaambia, "Rudini nyumbani, siasa si kazi yenu." Walihitajika.

Mwaka 1922 Uingereza ikatangaza kwamba Misri ni nchi huru, na mwaka 1923 ikaandikwa katiba. Katiba hiyo ilisema Wamisri wote ni sawa katika haki zao za kiraia na za kisiasa. Kina mama wakafurahi. Lakini haukupita muda, ikatoka sheria ya uchaguzi: wapiga kura ni wanaume peke yao. Yaani kwenye risasi tulikuwa pamoja, kwenye sanduku la kura kila mtu na njia yake! Hapo ndipo ilipoanza safari ninayotaka kuisimulia.

Mwanamke wa kwanza kumtaja ni Huda Sha'arawi. Mwaka huohuo wa 1923 alianzisha umoja wa wanawake wa Misri, na mwezi Mei akaenda Roma na wenzake wawili, Nabawiyya Musa na Saiza Nabarawi, kwenye mkutano wa kimataifa wa wanawake waliokuwa wakidai kura. Watu wengi wakisikia jina la Huda hukumbuka jambo moja tu, kwamba aliporudi alifunua uso wake pale stesheni ya treni ya Cairo. Hilo limejadiliwa mpaka leo, na kila mtu ana lake. Lakini limefunika jambo jengine ambalo halitajwi. Bunge lilipofunguliwa mwaka 1924, wanawake hawakukaribishwa isipokuwa wake wa wakubwa. Huda na wenzake wakaenda wakasimama nje na mabango yao, wakidai haki za nchi pamoja na haki za wanawake. Huda alifariki Desemba 1947. Kura hakuiona.

Wa pili ni Doria Shafik, mzaliwa wa Tanta, mwaka 1908. Huyu alisoma Paris mpaka akapata shahada ya udaktari mwaka 1940, na katika aliyoyaandika huko ni utafiti kuhusu mwanamke na sheria ya dini katika Misri. Kwa hivyo msidhani alikuwa mtu wa kuitupa dini. Hoja yake ilikuwa kwamba Uislamu wenyewe haumzuii mwanamke. Mwaka 1948 alianzisha umoja ulioitwa Bint al-Nil, yaani binti wa mto Nile. Tarehe 19 Februari 1951 aliwaongoza wanawake wapatao 1,500 mpaka kwenye bunge, wakaingia ndani, kikao kikavurugika. Wakapewa ahadi, wakarudi majumbani. Ahadi ikabaki kuwa ahadi.

Sasa tuje kwenye dini, maana najua ndipo wengi mnaposubiri. Juni 1952 Kamati ya Fatwa ya al-Azhar ilitoa fatwa kwamba kura haimfai mwanamke. Sababu mojawapo ni kwamba maumbile yake humfanya avutwe na hisia. Fatwa hii ipo, na si uaminifu kuificha. Lakini pia si uaminifu kuitaja peke yake, kwa sababu wapo wanazuoni wengine waliosema hakuna andiko linalomkataza. Tulisoma madrasa kuhusu bay'a ya pili ya Aqaba: wanaume 73 na wanawake wawili, Nusayba bint Ka'b na Asma bint Amr. Tulisoma Surat al-Mumtahina, namna Mtume (s.a.w.) alivyoamrishwa kupokea bay'a ya wanawake waumini. Bay'a si kura, nakubali. Lakini ni neno la mtu kuhusu uongozi, na neno la wanawake wale lilipokelewa kutoka kwao wenyewe. Wanazuoni wakikhitalifiana, kazi yetu sisi wanafunzi ni kusoma pande zote mbili kwa adabu, si kushika upande mmoja na kumcheka mwenzako.

Julai 1952 mfalme akapinduliwa na wanajeshi. Mwaka 1954 ikaundwa kamati ya kutayarisha katiba mpya, na hakuwekwa mwanamke hata mmoja. Tarehe 12 Machi Doria na wenzake wakaingia katika jengo la chama cha waandishi wa habari wakatangaza kwamba hawali tena. Sisi tunaofunga tunaijua njaa, lakini hii haikuwa saumu. Saumu ina daku na ina futari. Magharibi ikiingia unajua maji yapo. Wao jua lilizama na hakuna futari. Walikaa hivyo zaidi ya wiki, mpaka wakapelekwa hospitali. Hatimaye gavana wa Cairo akaja na ujumbe wa Rais Muhammad Naguib, na Doria akataka uwekwe kwenye maandishi: katiba mpya italinda haki kamili za kisiasa za mwanamke.

Katiba ikatoka Januari 1956, na kura imo. Kuanzia 1923 mpaka 1956 ni miaka 33. Mwaka 1957 Rawya Ateya na Amina Shukri wakachaguliwa kuingia bungeni.

Je, hadithi imeisha vizuri? La. Kwa mwanamume kupiga kura kulikuwa ni lazima, lakini mwanamke ilibidi aende mwenyewe akaombe kuandikishwa. Asiyeomba, hayumo. Waliojitokeza miaka ile walikuwa wachache mno, na sharti hilo halikuondolewa mpaka mwaka 1979. Naye Doria, mwaka 1957 aligoma kula tena, safari hii akiupinga utawala wa Gamal Abdel Nasser. Akafungiwa nyumbani kwake, jarida lake likafungwa, jina lake likapotea magazetini. Alifariki mwaka 1975, wengi wakiwa wameshamsahau.

Basi kaka yangu, hilo ndilo jibu langu, ingawa nimechelewa mwaka mmoja. Wanawake wale hawakuletewa kura na mzungu. Walianza kwa kumpinga mzungu. Wala hawakupewa. Waliidai. Na usidhani ni mambo ya mbali. Hapa Mombasa, miaka ya mwisho ya 1950, wanawake wa Kiarabu waliachwa nje ya kura ilhali wanawake wa jamii nyengine walikuwa nayo, nao wakapeleka ombi lao kwa serikali ya kikoloni.

Nyanya yangu bado ameihifadhi kadi yake ya zamani ya kura kikashani, pamoja na kitambulisho, ingawa siku hizi tunatambuliwa kwa alama za vidole. Nilimuuliza yanini kuiweka. Akaniambia, "Mwanangu, hii nilipangia foleni." Dada zangu mliofika miaka 18 na hamjajiandikisha, neno ni hilo. Misri ilichukua miaka 33 ili dada aruhusiwe kuomba kuandikishwa. Sisi yatosha asubuhi moja.

Wallahu a'lam. Allah azitakabali saumu zetu. Ramadhan Kareem.