Kiakisi mwanga (tangi la samaki)

Kiakisi mwanga ni bati jembamba linalong'aa ambalo hufungwa ndani ya kifuniko cha tangi la samaki, juu ya taa, ili kurudisha majini mwanga ambao ungepotea juu. Hutumika hasa katika vifuniko vinavyotengenezwa nyumbani kwa plaiwudi, kwani mbao tupu hufyonza sehemu kubwa ya mwanga.

Namna kinavyofanya kazi

Taa ya tyubu huangaza pande zote, hivyo karibu nusu ya mwanga wake huenda juu. Mwale ukigonga uso laini hurudi kwa pembe ileile uliyoingia nayo. Kwa sababu hiyo bati bapa lililowekwa juu ya tyubu hurudisha sehemu ya mwanga kwenye tyubu yenyewe. Ni afadhali likunjwe mfano wa herufi M, tyubu ikikaa chini ya bonde la katikati, ili mwanga upite kando yake. Taa nyingi za LED huangaza upande mmoja, nazo hazihitaji sana kiakisi.

Vifaa na ufungaji

Alumini iliyong'arishwa ndiyo bora. Rangi nyeupe, ikikauka vizuri, hutawanya mwanga na hutosha kwa tangi dogo. Bati la kuezekea halifai, hata kama ni rahisi kupatikana: mvuke hugeuka matone juu yake na kudondoka na zinki, ambayo ni sumu kwa samaki. Shaba nayo ni sumu.

Kiakisi hufungwa kwa skrubu zisizoshika kutu. Alumini hupitisha umeme, na umeme wa nyumbani Tanzania ni volti 230. Kwa hiyo bati liunganishwe na waya wa ethi, kioo kitenganishe taa na maji, na plagi ichomolewe kabla ya kufungua kifuniko.

Rangi ya mwanga na furu wa Mwanza

Kiakisi cha rangi ya dhahabu hubadilisha mwanga kuwa wa manjano. Kwa samaki wengi hilo ni suala la mapambo tu, lakini si kwa furu wa Ziwa Viktoria. Kwenye visiwa vya mawe karibu na Mwanza huishi Pundamilia nyererei, aliyepewa jina la Mwalimu Nyerere mwaka 1985, na ndugu yake Pundamilia pundamilia. Dume wa kwanza ana mgongo mwekundu, wa pili ni wa buluu, na majike humtambua mwenzi kwa rangi hizo. Ole Seehausen na wenzake walionyesha katika matangi kwamba chini ya mwanga wa rangi moja majike hushindwa kuchagua. Mwaka 1997 waliandika kwamba jambo hilohilo hutokea ziwani, pale maji yanapochafuka kwa mwani na udongo: spishi huchanganyika. Sangara pia amemaliza furu wengi, na spishi kadhaa sasa hufugwa katika matangi ya Ulaya na Marekani. Humo, taa nyeupe na kiakisi kisicho na rangi husaidia kila spishi kubaki yenyewe.